Ombi Nililotuma Kwenye Kundi la Akina Mama

Kazi ya ushauri nasaha nilipewa kwa sababu siku ile nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Hiyo ndiyo sababu ninayoiamini mimi. Sababu aliyoitoa mwalimu mkuu mbele ya mkutano wa walimu ni kwamba mimi ni mwanamke, nimeokoka, na sina makelele. Walimu wakapiga makofi, kila mmoja akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba si yeye. Mafunzo sikupelekwa. Nilipewa ufunguo wa chumba kilichokuwa stoo ya mipira na magunia ya mahindi, viti viwili vya plastiki, na sanduku la mbao lenye tundu juu ambamo wasichana wangetumbukiza barua za shida zao. Vipindi vyangu vya Kiswahili na dini havikupunguzwa hata kimoja.

Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, hapa hapa Meru, na sitasema ni ipi kwa sababu zote zinafanana. Kila siku baada ya chakula cha mchana walikuwa wakipanga foleni mlangoni pangu. Kabla msichana hajafungua mdomo nilimwambia, "Yatakayosemwa humu hayatoki humu." Kisha nilisikiliza. Nilisikiliza habari za baba walevi, za mama waliokwenda Saudia wasirudi, za mjomba ambaye hatajwi jina, za karo, za mimba. Nilijifunza kutikisa kichwa polepole na kushika mkono wa mtu bila kuubana. Watu wakasema nina kipawa. Mwalimu mkuu alisema hivyo hata mbele ya wazazi, na wazazi wakachukua nambari yangu, wakaanza kunipigia jioni nikiwa napika.

Mwaka wa nne nikaanza kuwachukia. Neno hilo naliandika hivi hivi kwa sababu nimechoka kulizungusha. Msichana mmoja alikuwa akinieleza jinsi baba yake alivyomfungia nje kwenye baridi, nami nikajikuta natazama saa. Si kwamba nilikuwa na haraka. Nilitaka tu anyamaze. Akalia, nikamshika mkono, na moyoni mwangu hapakuwa na kitu chochote, kama debe lililopinduliwa. Nilipokwenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba nimechoka na naomba mtu wa kusaidiana naye, alicheka kwa upole akasema, "Mwalimu, hata sisi tumechoka. Ni kuomba Mungu tu."

Nikaenda nikaomba Mungu tu.

Wakati huo nilikuwa naishi katika nyumba yangu ya mawe, vyumba viwili, niliyoijenga pembeni mwa shamba la kahawa la wazazi wangu upande wa Githongo. Mimi sikuolewa. Baba alikwisha kufa, na mama alikuwa katika nyumba yake ya mbao, hatua chache kutoka kwangu. Dada yangu mdogo, ambaye ndiye hasa ninayemwandikia haya ingawa najua hatayasoma, alikuwa Timau, kwenye mashamba ya maua. Alikuwa katika chumba cha kupangia waridi, mahali pa baridi kali ambapo watu husimama kutwa nzima wakipima urefu wa shina na kufunga maua mafungu mafungu. Alikuwa akija nyumbani Krismasi na Pasaka, anatuletea viazi na karoti za huko, anacheka na mama, anarudi.

Mwaka ule alikuja mwezi wa kumi, wakati wa kuchuma kahawa, na begi kubwa. Alisema amechukua likizo. Mama hakuuliza mengi. Msimu wa kahawa mtu akikujia na mikono miwili humwulizi amefuata nini.

Mimi niliona. Kazi yangu ilikuwa kuona. Alikuwa akilala kwangu, na asubuhi alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu na kiatu kimoja mkononi. Uji ulikuwa ukimpoa mbele yake hadi unafanya ngozi juu. Mama akimtania kwamba Timau imemfundisha uvivu, alikuwa akicheka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayesikiliza tafsiri. Lakini kila jioni nilirudi nyumbani nikiwa nimeshamwaga masikio yangu yote shuleni, na nilijiambia nitamwuliza Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Huku kwetu kahawa ikichumwa lazima ifike kiwandani siku hiyo hiyo, na kabla ya kupimwa unaimwaga juu ya gunia na kuichagua: mbivu nyekundu huku, mbichi na zilizokauka kule. Ni kazi ya kuinama. Kila mtu anatazama mikono yake. Nimeona mambo mengi mazito yakisemwa pale, kwa sababu hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mama alikuwa amekwenda kwenye mzani kutushikia foleni. Dada yangu akasema, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, mimi nilikuwa na mtoto."

Nyumbani kwetu wote huniita Mwalimu, hata mama. Nilizoea.

Alinieleza pale pale, vidole vikiendelea kuchagua. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Aliificha chini ya koti la kazi, nasi Pasaka ile hatukumwona kwa sababu alisema amenyimwa ruhusa. Mwanamume alikuwa ameshahama. Mtoto alizaliwa amekufa, msichana, na baada ya majuma machache dada yangu alirudi kwenye waridi kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Alisema maziwa yaliendelea kutoka akiwa amesimama pale kwenye baridi. Alisema kuna asubuhi anaamka na hataki kuwa ameamka. Kisha akasema, "Mama asijue. Ataniuliza kwa nini sikumwambia, na mimi sina jibu."

Nilimwambia hatajua. Nikafanya jambo moja zuri, na naliandika kwa sababu mengine yote niliyafanya vibaya: sikumpa neno la Biblia wala methali. Nilimwuliza tu zile asubuhi zikija huwa anafanya nini. Akasema hafanyi kitu, hungoja zipite. Nikamwambia, "Zikija, niambie. Usiku au mchana. Huhitaji kueleza, sema tu leo imekuja, nami nitaacha chochote ninachofanya." Akaitikia kwa kichwa. Nilimwambia pia kuna kliniki hospitalini mjini Meru, tutakwenda pamoja shule zikifungwa. Akasema sawa. Tukajaza kahawa kwenye gunia, tukaipeleka kwenye mzani, na mama akatuuliza kwa nini tumechelewa namna ile kama watu wanaochagua almasi.

Alikuja kuniambia mara tatu. Mara ya kwanza niliacha ugali jikoni ukaungua. Tulikaa nje kwenye ngazi, na baada ya muda akasema imepungua. Mara ya pili nilikuwa nataka kulala, nikaketi naye. Ilikuwa kazi ndogo, nikiifikiria sasa. Kukaa tu. Shuleni nilikuwa nikiwafanyia hivyo watoto wa watu kutwa nzima.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo nilikuwa na zamu, nimeamka saa kumi alfajiri kuwahi maombi ya bweni. Nilikuwa na vipindi sita. Mchana wasichana wanne waliingia ofisini, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa na jambo ambalo ilibidi nimpigie chifu. Saa kumi jioni kukawa na mkutano wa walimu kuhusu matokeo, na mimi nikalaumiwa kwamba insha za kidato cha nne hazijasahihishwa. Nilifika nyumbani na rundo la insha mkononi, sijavua hata viatu. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Akasema, "Mwalimu, leo imekuja."

Nikamwambia, "Ngoja nimalize hizi insha."

Alisimama kidogo, akaenda chumbani. Nilisahihisha. Mada ilikuwa "Mganga hajigangi", na sikupata hata akili ya kucheka. Nilizungushia makosa ya upatanisho kwa kalamu nyekundu, insha moja baada ya nyingine. Kila nilipomaliza moja nilijua natakiwa kuinuka, nami nikavuta nyingine. Sikuwa nimesahau. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa najua yuko chumbani, najua anangoja, na mwili wangu ulikataa. Nilimwogopa. Niliogopa kwamba nikifungua ule mlango atakuwa msichana wa tano.

Basi nikachukua simu.

Sisi akina mama wa kanisa tuna kundi la maombi kwenye simu. Mtu akiwa na jambo analiandika, na wenzake wanajibu amina na mikono ya kuomba. Kwetu huo ndio utaratibu, na una adabu yake: huwezi kusema habari za mtu, hiyo ni umbea, lakini unaweza kuziombea. Nimeona ndoa zikianikwa pale juani kwa jina la Yesu. Niliwahi hata kulisema hilo kwa dharau. Jioni ile nikaandika mimi mwenyewe kwa vidole vyangu: "Wapendwa, tumkumbuke dada yangu. Alipoteza mtoto wa miezi saba kule Timau na sasa moyo wake umekataa kuishi. Mzigo umenizidi."

Nikabonyeza, ikaenda. Kabla sijaweka simu mezani amina zilishaanza kuingia. Na nitasema ukweli mchungu zaidi ya wote: nilisikia nafuu. Mabega yalishuka. Nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata miezi mingi. Mama hakuwa kwenye kundi, simu yake ni ile ndogo ya vitufe, na katika akili yangu ya kuchoka hilo lilinitosha.

Asubuhi dada yangu alikuwa ameamka, amechemsha chai. Nilimwuliza, "Ilikwendaje jana?" Akasema, "Ilipita." Nikajiambia unaona, maombi. Nikaenda shule.

Akina mama wa kundi wakaja Jumamosi alasiri bila kunipigia, kwa sababu kwetu mgonjwa haombewi ruhusa ya kuonwa. Walikuwa kama ishirini. Walianza kuimba tangu kwenye lango, na sukari, na mikate, na maziwa ndani ya vibuyu na chupa, na mmoja amebeba kuku chini ya kwapa. Mama alitoka mbio jikoni, amefurahi, anafuta mikono. Alidhani wamekuja kumwona yeye, kwa sababu mguu ulikuwa ukimsumbua. Alituma majirani wamletee viti. Aliweka sufuria kubwa ya chai. Dada yangu alikuwa kwenye kahawa, akaitwa, akaja na kikapu kiunoni na majani kwenye nywele. Aliponitazama, alijua. Sijui alijuaje. Nadhani nilikuwa nimeangalia chini.

Waliimba, wakasoma neno. Kisha mwenyekiti wetu, mama mmoja mwema ambaye hajawahi kumtakia mtu mabaya, alimwita dada yangu katikati, akaweka mkono juu ya kichwa chake na kuomba kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alisema, "Bwana, unamjua huyu malaika wa miezi saba uliyemchukua kule Timau. Unajua huyu binti yako amesema hataki kuishi. Leo tunakemea hiyo roho ya mauti!" Na wote wakakemea.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao na birika mkononi. Aliniuliza kwa Kimeru, sauti ya chini kabisa, mtoto gani. Nikaitazama birika. Akamwuliza mwanamke wa kundi aliyekuwa karibu naye, naye akamweleza. Alimweleza kwa huruma, amemshika bega, habari za mjukuu wake, katika uwanja wake mwenyewe. Mama akaketi juu ya gunia la kahawa na birika yake.

Na desturi haikuishia hapo. Aliyetembelewa lazima aseme neno. Nilitaka kusema mwacheni, lakini mimi ndiye niliyewaita. Dada yangu akasimama wima. Alitoa majani kwenye nywele moja moja, akasema, "Asanteni sana kwa kuja. Mungu awabariki mlivyoacha kazi zenu. Karibuni chai." Akamchukua mama birika mkononi, akawamiminia wote ishirini, na mimi pia akanimiminia. Mama mmoja akasema, mficha maradhi kifo humuumbua, umefanya vizuri kusema. Akamjibu, "Ndiyo, mama."

Walipoondoka nilimfuata kwenye bomba alipokuwa akiosha vikombe. Nilikuwa nimeandaa maneno. Mimi ni mwalimu wa lugha, maneno sikosi. Nikasema, "Nilitaka usaidiwe."

Akasuuza kikombe, akakipindua. "Ulitaka usaidiwe wewe," akasema.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mama ndiye alinitukana, siku mbili mfululizo, kisha akamgeukia dada yangu na lile swali lenyewe, kwa nini hukuniambia, kwa nini hukuniambia, asubuhi na jioni, huku analia. Dada yangu hakuwa na jibu, kama alivyokuwa amenieleza. Jumatatu nikiwa shuleni alipanga vitu vyake akaenda Embu. Kulikuwa na rafiki yake aliyefanya kazi naye Timau, ambaye sasa alikuwa na cherehani mbili na kibanda cha kushonea sare za shule. Nilimpigia. Alipokea, akanisalimu vizuri, akasema amefika salama. Kila nilipomwuliza anaendeleaje alisema, "Niko sawa, Mwalimu." Nimesikia "niko sawa" nyingi katika kile chumba cha mipira. Najua uzito wa kila moja.

Mimi nilivunjika muhula uliofuata. Halikuwa jambo la kuvutia. Niliingia kidato cha pili kufundisha ngeli, nikageukia ubao, na sikuweza kugeuka tena. Nilisimama nikitazama ubao mtupu mpaka kiongozi wa darasa alipoenda kumwita mwalimu wa jirani. Daktari alinipima presha, akaniuliza nalala vipi, nikaanza kulia na sikuacha. Aliniandikia majuma matatu ya kupumzika na akasema niache ile kazi ya ushauri kama naweza. Ikawa rahisi ajabu. Nilirudisha ufunguo Ijumaa, na Jumatatu ukapewa mwalimu msichana aliyeajiriwa juzi juzi. Naye ni mwanamke, na ameokoka. Walimu walipiga makofi. Miaka yote ile nilidhani nimeushikilia ukuta usianguke.

Wakati wa yale majuma matatu kundi la maombi lilitaka kuja kuniona. Niliwaandikia kwamba nimesafiri, kisha nikajifungia ndani na mapazia, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, nikimsikiliza kuku wao wa mwaka uliopita akiparua nje. Huyo kuku hatukumchinja. Mama alikataa.

Habari za dada yangu kuwa hospitali nilizipata siku tisa baada ya yeye kutoka. Ile hali ilikuja kwa nguvu, na safari hiyo haikupita. Alimwambia rafiki yake, wakiwa kwenye cherehani, na rafiki yake alizima mashine, akafunga kibanda, akampeleka. Hakuwa na rundo la insha. Kwa kweli alikuwa na sare za shule nzima za kumaliza kabla ya wiki kuisha, lakini alifunga kibanda. Walimlaza, wakampa dawa, wakampangia siku za kurudi kliniki. Yote haya alinieleza huyo rafiki mwenyewe, kwa simu, na aliniomba nisimwambie dada yangu kwamba ameniambia.

Nilikwenda Embu shule zilipofungwa, mwezi wa nane. Nilimbebea ndizi na uji wa mtama aliousaga mama. Dada yangu alikuwa amenenepa kidogo. Alinikaribisha, akanipikia mukimo, akanionyesha kola alizojifunza kushona, na kweli zilikuwa zimenyooka. Tulizungumza habari za mvua na mguu wa mama. Asubuhi yake ilikuwa siku ya kliniki, na rafiki yake alikuwa amekwenda kununua vitambaa, basi nikasema nitamsindikiza. Alifikiri kidogo, akasema haya.

Tulikaa kwenye benchi refu. Nilikuwa na furaha ambayo sikutaka ionekane, kama mtoto aliyeruhusiwa kuingia jikoni. Nilijiambia hapa ndipo tutaanzia, kidogo kidogo. Jina lake likaitwa, tukasimama pamoja kwenye dirisha. Karani alikuwa anajaza faili mpya, ile ya zamani ilikuwa imelowa. Akauliza umri, akauliza anakoishi. Akauliza, "Wakati wa shida tumpigie nani?"

Dada yangu akasema nambari ya rafiki yake, yote, bila kutazama simu. Karani akaandika, kisha akainua macho akanitazama nilivyosimama pale na mkoba wa ndizi tulizobeba za kula tukingoja.

"Na huyu ni nani wako?"

"Huyu ni dada yangu wa kuzaliwa," akasema, na akanigusa mkono, kwa upole kabisa. "Lakini yeye msimpigie. Ako na kazi mingi."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananihurumia. Karani akaliandika na hilo. Nami nilisimama pale, shule zote zimefungwa, sina kazi yoyote.